Nilimwimbia Nisiyemjua

Kwa miaka 14 nilikuwa mwalimu wa kwaya katika ushirika mmoja wa Kanisa la Moravian mjini Tabora, na katika miaka hiyo yote hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kama ninamjua Mungu niliyekuwa nikimwimbia. Siwalaumu, kwa sababu hata mimi mwenyewe sikuwahi kujiuliza. Baba yangu alikuwa mwinjilisti. Nilibatizwa nikiwa bado nabebwa mgongoni, nikapata kipaimara nikiwa na miaka 15, na kabla sijaoa nilikuwa nimekwisha kuishika liturgia ya Jumapili kichwani, kiasi kwamba mchungaji akiruka mstari mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kugundua. Mtu wa namna hiyo haulizwi. Nani atamwuliza muuza asali kama anaijua asali?

Kazi yangu niliiweza. Nilijua kumpangia mtu sauti yake kwa kumsikiliza akiimba mistari miwili tu. Nilijua kwamba waimbaji wa sauti ya kwanza wakichoka hushuka polepole bila wenyewe kutambua, na kwamba dawa yake si kuwafokea bali kuwapumzisha. Nilijua pia mambo ambayo leo nayataja kwa haya kidogo. Nilijua kwamba ubeti wa mwisho ukipandishwa nusu sauti, kinanda kikanyamaza ghafla na besi wakabaki wakivuma peke yao, akina mama wa viti vya mbele watalia. Nao walilia. Baada ya ibada watu walinishika mkono wakasema leo ibada imepanda, nami nilijibu kwamba utukufu ni wa Bwana, huku moyoni nikijua vizuri kwamba kilichopanda ni nusu sauti. Sisemi kuwa machozi yale yalikuwa ya uongo. Wengi wao, naamini, walikuwa wanakutana na Mungu kweli. Mimi ndiye niliyekuwa nikihesabu waliolia.

Jambo linalonishangaza zaidi ni kwamba swali lenyewe nilikuwa nalo tangu utotoni, tena nililifundisha. Katika darasa la kipaimara tulisimuliwa habari za John Wesley, kasisi kijana wa Kanisa la Uingereza, aliyekuwa safarini kwa meli kwenda Georgia, Marekani, kuhubiri. Ndani ya meli hiyo walikuwamo Wamoravian kutoka Ujerumani. Tarehe 25 Januari 1736 dhoruba ilipiga wakati Wajerumani hao wakiwa katikati ya kuimba. Wimbi likaifunika meli na kulirarua tanga kubwa, Waingereza wakapiga mayowe, lakini wale waliendelea na wimbo wao. Wesley alimwuliza mmoja wao baadaye kama hawakuogopa, naye akajibu kwamba hata wanawake na watoto wao hawaogopi kufa. Walipofika nchi kavu, mchungaji wa Kimoravian aliyeitwa August Spangenberg alimwuliza Wesley kama anamjua Yesu Kristo. Wesley akasita, kisha akajibu kwamba anajua kuwa yeye ni Mwokozi wa ulimwengu. Spangenberg akamwambia kwamba hilo ni kweli, lakini je, unajua kwamba amekuokoa wewe?

Nikiwa mwalimu, niliwasimulia watoto wa kwaya kisa hicho kila mwaka. Nilikisimulia vizuri, na nilipofika kwenye dhoruba nilibadilisha sauti. Nilikuwa upande wa waimbaji wa melini siku zote, kwa sababu wale walikuwa Wamoravian na mimi ni Mmoravian, na kwetu Unyamwezi historia hiyo tunaiona kuwa ni ya ukoo: wamisionari wa kanisa hilohilo ndio waliopokea kazi ya Urambo mwaka 1898 kutoka kwa wamisionari wa London. Haikunipitia akilini hata mara moja kwamba mahali pangu katika kisa kile ni pa Wesley, msomi aliyekwisha kuwekewa mikono, anayevuka bahari kwenda kuwahubiria wengine, na anayesita akiulizwa swali la maneno machache.

Sauti yangu ilianza kukwaruza Krismasi ya mwaka 2016. Nilidhani ni vumbi na mafua, nikanywa tangawizi na asali kama kila mtu alivyonishauri, nikaendelea kuimba sauti ya tatu na kuwafokea watu wa mazoezi. Kufikia Februari nilikuwa nikifungua kinywa asubuhi na kutoa pumzi tupu. Mwezi wa Machi nilipanda basi kwenda Mwanza kumwona daktari wa koo, naye akaniambia kuwa nyuzi za sauti zimeota vinundu kwa sababu ya kutumika kupita kiasi. Aliniagiza wiki sita za kunyamaza kabisa, kisha miezi ya kusema kidogo, na nisiimbe mpaka atakaponiruhusu. Nilimwandikia kwenye karatasi kama ninaweza kunong'ona. Akasema kunong'ona ndiko kubaya zaidi.

Nikanunua daftari dogo na kalamu, nikawa nazungumza na mke wangu kwa maandishi. Hilo tulilizoea haraka, na watoto hata walifurahi. Nilichoshindwa kukizoea kilikuwa kitu kingine ambacho sikukitarajia. Usiku wa kwanza nilipopiga magoti kuomba kimoyomoyo, nilichokisikia moyoni kilikuwa ubeti wa wimbo. Nikauacha upite, nikaanza tena, nikasikia sala ya liturgia. Nikaisubiri nayo iishe. Baada yake pakawa kimya, na katika kimya kile sikuwa na neno. Nilikaa pale kwa muda mrefu kama mtu aliyepelekwa kumtembelea mtu mashuhuri ambaye amesoma habari zake zote magazetini, sasa wameachwa wawili sebuleni, na hajui aanzie wapi kwa kuwa hawajawahi kuonana.

Nilijaribu usiku wa pili na wa tatu. Hali ilikuwa ileile. Kila nilichokuwa nacho cha kumwambia Mungu kilikuwa kimetungwa na mtu mwingine, kikapangiwa noti na mtu mwingine, na kazi yangu ilikuwa kukifikisha kwa sauti nzuri. Sauti ilipoondoka, nikagundua kwamba hapakuwa na mtumaji nyuma ya tarishi.

Pasaka ya mwaka huo iliangukia tarehe 16 Aprili. Desturi yetu ni kwenda makaburini kabla ya mapambazuko, tukiwa na wapiga tarumbeta, na jua linapochomoza tunakiri kati ya makaburi ya watu wetu kwamba Bwana amefufuka kweli. Mama yangu amezikwa hapo. Kila mwaka nilikuwa nimesimama mbele nikipunga mikono, na safari hii nilisimama nyuma kando ya kaburi lake, nikiwa na skafu shingoni na daftari mfukoni, nikasikiliza. Wakati umati uliposema kwa pamoja maneno ya kukiri, niliyafuata moyoni neno kwa neno kama nilivyoyajua, na mahali pa kusema "Bwana wangu" moyo ukakwama kwenye silabi mbili za mwisho. Wake? Wetu? Wa baba yangu, hilo nilikuwa na hakika nalo. Wahenga wanasema za kuambiwa changanya na zako. Mimi nilikuwa na za kuambiwa tu, na pale makaburini sikuwa na za kuchanganya.

Hapa ni lazima nimlete mjomba wangu, mdogo wa mama, ambaye ni mzee wa kanisa na mfugaji wa nyuki huko Sikonge, kilomita zipatazo 70 kusini mwa Tabora. Mwaka 2009 aliishi kwetu mjini kwa miezi kadhaa akitibiwa jicho, akaomba kujiunga na kwaya ya wazee. Nikamsikiliza. Mjomba huimba kwa nguvu na kwa furaha, lakini sauti yake huzurura. Huanza kwenye tenzi moja na kumalizia mahali ambapo hakuna mtu mwingine yupo. Nikamwambia kwa adabu, kwa maneno yaleyale tunayowaambia wote wa aina yake, kwamba yeye atusaidie kwa maombi. Alicheka, akasema sawa, mjomba, nitafanya hivyo. Nadhani ni mimi tu niliyedhani kwamba huo ulikuwa utani.

Mwezi wa Juni mwaka 2017, nilipokuwa nimeruhusiwa kusema maneno machache kwa siku, alinipigia simu akaniambia kuwa msimu wa kurina umefika na kijana wake wa kubeba mizigo ameumia mguu. "Asiyeweza kuimba anaweza kubeba ndoo," alisema. Nikaenda. Tulikata kibali cha kuingia msituni, tukapakia madumu, unga, matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) na karanga kwenye baiskeli mbili, tukasafiri siku nzima ndani ya miyombo mpaka kwenye kambi yake, ambayo ni kibanda cha miti na nyasi kando ya mbuga. Tulikaa huko siku 18.

Kurina asali ni kazi ya usiku kwa kiasi kikubwa, na ni kazi ya utulivu. Mzinga wa magome unatundikwa juu ya mti. Unapanda kwa kamba ukiwa na moshi, unafungua upande, unawafukiza nyuki taratibu warudi nyuma, unakata masega yaliyofunikwa, na yale yenye watoto unayaacha. Ukiwa na papara utaumwa, na mzinga mzima utakuchukia. Mjomba alifanya hayo yote akiwa na miaka 68. Lakini lililonishika si ustadi wake, ni jinsi alivyokuwa anaomba. Tulipofika chini ya mti wa kwanza aliweka ndoo chini, akavua kofia, akasema: "Huu ndio ule niliokuambia umepasuka mwaka jana. Naona wameuziba. Asante. Sasa nisaidie nisianguke, mguu wa kushoto bado unauma." Akavaa kofia, akapanda.

Nilibaki chini nimeduwaa. Nilikuwa nimezoea sala zinazoanza na majina kumi ya Mungu. Sisi Wanyamwezi ni watu wa salamu. Huwezi kumpita mkubwa wako asubuhi bila kuinama na kupiga makofi ukamwambia mwangaluka, kisha mkaulizana habari za nyumbani, za watoto, za mifugo. Nilipomwuliza mjomba jioni ile kwa nini anaomba bila hata kumsalimu Mungu, alinitazama kana kwamba mimi ndiye mzee na yeye ndiye mtoto. "Asubuhi nilimsalimu," alisema. "Wewe ukiwa na mkeo shambani, unamwamkia upya kila mnapofika kwenye tuta? Salamu ni ya watu walioachana."

Sikulala vizuri usiku huo. Nilihesabu ni mara ngapi katika siku moja mimi na Mungu huwa tunaachana, nikaona kwamba mahesabu yangu yamekaa vibaya, kwa sababu ili muachane ni lazima kwanza muwe mmekutana.

Siku nyingine, tukiwa tunakamua masega, nilimwuliza jambo ambalo nisingethubutu kumwuliza mjini. Mke wake alifariki mwaka 2012, baada ya ugonjwa mrefu uliomaliza ng'ombe na akiba. Nilitaka kujua kama katika kipindi kile aliendelea kuzungumza na Mungu vilevile. Akasema hapana. "Mwaka mzima nilimnunia. Kanisani nilikwenda kwa sababu mimi ni mzee wa kanisa, lakini midomo sikufungua. Naye alijua kwamba nimemnunia." Akakamua sega lingine. "Lakini humnunii mtu usiyemfahamu, mjomba. Mpita njia akikuudhi unamtukana au unamwacha aende. Unayemnunia ni wa nyumbani."

Tangu siku ile nimesikia mahubiri mengi juu ya kumjua Mungu binafsi, na mengine ni mazuri sana, lakini sijasikia kipimo kilichonichoma kama hicho. Katika miaka yangu yote ya kanisa sikuwahi kumnunia Mungu. Niliona kuwa ni ucha Mungu. Mama alipofariki niliimba kwenye mazishi bila kutetereka, watu wakanisifu kwa imani, na ukweli ni kwamba sikuwa na ugomvi na Mungu kwa sababu sikuwa nimemtarajia kufanya lolote. Zaburi zimejaa watu wanaomwuliza Mungu mpaka lini, kwa nini umejificha, na zaburi hizo zilikuwa nyimbo za ibada, si barua za siri. Watu wa kwaya ya hekalu waliimba manung'uniko yao mbele ya madhabahu. Mimi zaburi hizo nilikuwa nikiziruka, maana hazipandishi ibada.

Jioni, kabla ya kwenda kwenye mizinga, mjomba alikuwa akisoma Biblia kwa tochi, polepole, na hakuwa na haraka ya kumaliza sura. Wiki nzima tulikuwa kwenye kitabu cha kwanza cha Samweli, mlango wa 2 na wa 3. Usiku mmoja akaniambia: "Mwalimu, nisaidie hapa." Aliniita mwalimu alipotaka kunitega. "Mlango wa pili unasema wana wa Eli hawakumjua Bwana. Hao ni makuhani. Mlango wa tatu unasema Samweli naye alikuwa hamjui Bwana. Huyo ni mtumishi wa hema, analala karibu na sanduku la Mungu. Wote wanahudumu nyumba moja, wote hawamjui mwenye nyumba. Tofauti yao ni nini?"

Nilisema ni tabia: wale walikuwa wakila sadaka na kuzini, Samweli alikuwa mtoto mwema. Akatikisa kichwa, akanisogezea Biblia pamoja na tochi, akaweka kidole chini ya mstari wa 7. Samweli alikuwa hamjui Bwana bado. "Neno ni hilo la mwisho," alisema. "Wale wengine hawakupewa neno hilo."

Nimewahi kulitumia neno bado maelfu ya mara. Umekula? Bado. Gari limefika? Bado. Ni neno dogo la kuahirisha, na mtu mvivu hujificha ndani yake. Usiku ule lilikuwa kitu kingine. Lilikuwa na maana kwamba mtu anaweza kufunga na kufungua milango ya nyumba ya Mungu, akawasha taa yake, akavaa kanzu ndogo aliyoshonewa na mama yake, na bado hajaitwa kwa jina; na kwamba hilo halimwondoi nyumbani. Lakini lilikuwa pia na makali, kwa sababu wana wa Eli nao walianza mahali palepale. Wao waliuzoea utumishi mpaka hawakuona tena kwamba kuna Mtu anayekosekana. Na mimi nilikuwa nimekaribia umri wa Hofni na Finehasi kuliko ule wa Samweli.

Nina jambo la kueleza hapa ambalo lingekuwa rahisi kuliacha. Mwaka 2014 nilikuwa ninashika mfuko wa kwaya kwa ajili ya sare mpya, na kati ya fedha hizo nilichukua shilingi 185,000 kununua bati za chumba cha nyuma, nikiwa na nia kamili ya kuzirudisha baada ya mavuno. Mavuno yakaja, kukawa na ada ya shule. Sare zikanunuliwa za bei ya chini kidogo, hakuna aliyeuliza, na taratibu nikasahau, kama mtu anavyosahau jiwe lililo ndani ya kiatu alichoacha kukivaa.

Usiku ule wa Samweli, mjomba alipokwenda kuangalia moto, nilijaribu tena kuomba bila sauti. Ubeti wa wimbo ukaja, ukapita. Liturgia ikaja, ikapita. Pakawa kimya kama siku zote, na ndani ya kimya yakaja maneno matatu ambayo hayakutungwa na mtu mwingine: Mungu, zile fedha. Hiyo ndiyo sala yangu ya kwanza. Nilikuwa na miaka 41.

Sikusikia sauti wala sikuona mwanga, na wasomaji wanaotafuta hayo nawaomba radhi. Kilichotokea ni kwamba nilijikuta mbele ya Mtu ambaye uimbaji wangu haukumpumbaza hata siku moja, ambaye katika kila ibada iliyopanda alikuwa akizijua bati zile, na ambaye hata hivyo hakuwa ameniondoa. Niliogopa, kisha nikalia kwa namna ambayo ingemwudhi daktari wa koo. Paulo anawaandikia Wagalatia kwamba wamemjua Mungu, halafu anajirekebisha palepale: au zaidi, kujulikana na Mungu. Zamani nilidhani marekebisho hayo ni mapambo ya lugha. Sasa naona kwamba Paulo alikuwa anapanga mambo kwa utaratibu wake. Mimi sikuanza kwa kumjua Mungu. Nilianza kwa kugundua kwamba ninajulikana, na kwamba aliyenijua hakunyanyuka akaondoka.

Mambo ya kurudi mjini nitayapita haraka. Niliuza sehemu yangu ya asali, nikarudisha fedha, nikaliambia baraza la wazee na kisha kwaya. Wazee walinisimamisha kazi ya ualimu kwa miezi sita, na walifanya sawa. Baadhi ya waimbaji walikasirika, mmoja akahama, mama mmoja wa sauti ya pili akaniletea karanga nyumbani bila kusema kitu.

Nilipomsimulia mchungaji habari za msituni alifurahi, kisha akanionya, na onyo lake nimelihifadhi. Nilikuwa nimeanza kusema kwamba liturgia na nyimbo za vitabu ni maneno ya wengine na kwamba ibada ya kweli ni mtu kusema yake. Akaniuliza: "Pasaka ulipokuwa bubu kule makaburini, nani alikiri ufufuo badala yako?" Sikuwa na jibu. Ni kweli kwamba maneno ya wengine yalinibeba siku ile ambayo sikuwa na langu. Na hata sala ya msituni isingekuja kama mjomba asingenisomea kitabu kilichoandikwa na wengine, akinifafanulia kama mzee wa kanisa anavyomfafanulia kijana. Kumjua Mungu binafsi si kuwa na Mungu wa peke yako. Nimewaona watu waliofika huko, kila mmoja na Mungu anayekubaliana naye kwa kila jambo, na sioni kuwa wanaabudu, naona wanajisikiliza. Yesu alimwambia yule mwanamke Msamaria kisimani kwamba wao wanaabudu wasichokijua, na hapohapo akamwelekeza kwenye wokovu ulio na watu wake na historia yake, na kabla ya hapo alikuwa amekwisha kumwambia mwanamke habari zake mwenyewe, za wanaume watano, ambazo hakuna mtu aliyemsimulia. Yule mwanamke aliacha mtungi akakimbia mjini, na alichokwenda kuwaambia watu si hoja ya mahali pa kuabudia aliyokuwa ameianzisha yeye mwenyewe. Alisema njoni mwone mtu aliyeniambia mambo yote niliyoyatenda.

Niliporudishwa kufundisha, mwanzoni mwa 2018, nilifanya kosa jingine. Niliwataka waimbaji kabla ya kila wimbo wajibu kwa sauti Mungu amemfanyia nini kila mmoja. Katika wiki tatu mazoezi yakawa mashindano ya ushuhuda, kila mtu akitafuta muujiza mkubwa kuliko wa jirani, na kijana mmoja wa besi, ambaye hakuwa na muujiza, akaacha kuja. Nilimfuata nyumbani kwao Ipuli kumwomba radhi. Sasa ninachofanya ni kidogo tu: tunasoma maneno ya wimbo bila kuyaimba, tunakaa kimya kwa dakika kadhaa, kisha tunaimba. Wengine hutumia kimya hicho kutazama simu. Ubeti wa mwisho siupandishi tena, isipokuwa wimbo wenyewe ukidai, na wapo wanaosema kwamba ibada zetu zimepoa. Huenda zimepoa kweli. Sina hakika ya kila kitu.

Sauti yangu ilirudi, lakini sauti ya tatu haikurudi nayo. Naimba besi, nyuma, na pale panaponishinda nanyamaza.

Pasaka ya 2018 ilikuwa tarehe 1 Aprili. Mjomba alikuja kutoka Sikonge kulala kwetu, na saa kumi na moja alfajiri tulikuwa makaburini, kwenye kaburi la mama, nyasi zikiwa na umande unaofika magotini. Tarumbeta zikalia. Yule mama wa sauti ya pili aliongoza kwa niaba yangu, maana nilikuwa nimeomba kusimama na ndugu. Mjomba akaimba kwa nguvu zake zote na, kama kawaida, akaondoka kwenye wimbo tangu mstari wa pili. Watu wawili watatu waligeuka kutazama.

Tulipokuwa tunarudi alinigusa bega. "Leo sikukosea sana, mwalimu."

"Ulikosea mwanzo mpaka mwisho, mjomba."

"Mbona ubeti wa tatu ulinifuata? Nilikusikia."

Ilikuwa kweli. Jua lilikuwa limekwisha kupanda juu ya miembe, na nyumbani walikuwa wametusubiri na chai.